Matone Mekundu Juu ya Gari la Okwara

Mwaka 1966, Okwara aliishi karibu na Malaba pamoja na mkewe Apolot na mama yake Zilpa. Alikuwa na gari kuukuu jeupe aliloachiwa na marehemu baba yake. Kila jioni aliliegesha kando ya kaburi la mzee, chini ya mti uliopandwa siku ya mazishi, ambao sasa ulikuwa mkubwa.

Asubuhi moja alikuta matone mekundu juu ya paa la gari. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na ndege wala kuku aliyechinjwa. Akayasugua kwa jivu na gunzi la mahindi, kama sufuria inavyosuguliwa. Rangi ilikwaruzika, matone yakabaki.

Kesho yake yaliongezeka. Siku ya tatu mstari mwekundu ulikuwa umeteremka hadi kwenye mlango wa abiria.

Apolot aliuona, akashika tumbo. Mwezi wake wa kuzaa ulikuwa umefika. Mtoto wao wa kwanza alifia nyumbani wakati wa kuzaliwa, na safari hii mkunga wa hospitali ya Busia alikuwa amemwonya asizalie nyumbani tena.

"Sipandi gari hili," alisema. "Mzee anatukataza."

Okwara alimbembeleza, lakini Apolot alikataa. Okwara alimtazama mama yake amsaidie. Zilpa, ambaye hakukosa neno hata siku moja, aliinamisha kichwa.

Okwara alimwita Methuselah, fundi wa kupaka rangi malori pale Malaba. Methuselah hakucheka. Aligusa tone moja, akalinusa.

"Damu ya siku tatu ingenuka vibaya," alisema. "Hii inanata, na inanuka mti. Ni utomvu. Nani amekata mti huu?"

Methuselah alivuta chini tawi lililokuwa juu ya gari. Ganda lilikuwa limebanduliwa vipande vipande. Majeraha yalikuwa mabichi na mekundu kama nyama.

Zilpa aliketi chini. Alieleza kwamba kila alfajiri alibandua ganda la tawi la upande wa macheo, akalichemsha kuwa dawa ya kumsaidia mkaza mwana wake azae salama, akaitia kwenye uji wake. Alifundishwa kuwa dawa hiyo ikitajwa hupoteza nguvu, kwa hiyo alinyamaza.

"Nilipoona ile damu," alisema, "nilidhani mzee amekasirika kwa kukatiwa mti wake."

"Kumbe ndiyo sababu uji ulikuwa mchungu," Apolot alisema.

"Mama, ulimtakia mema," Methuselah alisema. "Lakini usimpe tena. Mwambieni mkunga, ajue amekunywa nini."

Kisha alimwonyesha Okwara kazi. Kwanza alisogeza gari mbali na mti na mbali na moto wa jiko, maana angetumia mafuta ya taa. Aliosha vumbi kwa maji na sabuni, maana vumbi likisuguliwa huchuna rangi. Akaweka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu ya kila tone, akangoja lilainike. Akatia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, akajaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi haikutoka. Ndipo akafuta taratibu, bila kukwangua.

"Usishindane nalo," alisema. "Likikataa, lowesha tena."

Mwishoni aliosha mafuta yote kwa sabuni, akakausha, akapaka nta. Alisema utomvu ukiondolewa siku hiyo hiyo haumtoi mtu jasho. Ukikaa juani hugandamana na rangi.

Uchungu ulimshika Apolot mchana ule ule. Alikwenda taratibu hadi kwenye gari. Alipitisha kiganja juu ya mlango, kutoka juu hadi chini, kisha akakitazama. Kilikuwa safi. Akafungua mlango, akaingia.

Hospitalini Busia, Zilpa alikuwa wa kwanza kusema. Alimtajia mkunga ule mti, ganda lake, na siku alizompa Apolot dawa. Mkunga alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamwangalia Apolot kwa makini.

Kabla jua halijatua, walimsikia mtoto akilia.