Majibu ya Shangazi

"Picha ya mama mwenye kilemba cha zambarau ni ya nani?" aliuliza msichana wa duka la kuchapisha, akipaza sauti juu ya kelele za mashine na wateja.

"Yangu!" walijibu watu wawili kwa mpigo.

Mmoja wao, fundi cherehani, aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, macho mekundu kama ya mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Hiyo picha umeipata wapi, dada?" aliuliza.

"Kundini kwetu. Sisi tunaandika hadithi mtandaoni, na huyu mama ndiye aliyekuwa akitusahihisha wote. Tumefiwa, kaka."

"Na mimi nimefiwa. Ni shangazi yangu, dada yake baba."

Fundi akajiziba mdomo. Kundini watu wote walimwita marehemu Shangazi. Hakuwahi kufikiri kwamba yupo mtu anayemwita hivyo kwa damu.

"Pole sana. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja, lakini miaka sita haikupita wiki bila kuandikiana. Kundini wananiita Sindano."

Mwanamume alimtazama upya. "Sindano," alirudia polepole. Kisha akachukua picha yake, akampa na namba ya simu.

Wiki ile kundi halikukauka machozi. Mmoja alibandika hadithi yake ya kwanza, imejaa alama nyekundu za Shangazi. Mwingine, aliyewahi kugombana naye mwezi mzima kwa ajili ya nukta moja, alimwomba radhi hadharani, akijua hajibiwi. Wakakubaliana wakusanye hadithi zake ziwe kitabu, na kazi ikamwangukia Sindano, kwa kuwa ndiye aliyeishi mji mmoja na marehemu. Madaftari ya marehemu yalikuwa kwa yule mpwa wake, mwenye duka la miwani. Ikabidi simu ziite.

"Fundi wa nguo, umeamkaje?"

"Salama, fundi wa miwani. Daftari la tatu mwandiko wake siuoni hata kidogo."

"Njoo dukani nikupime macho. Bure."

"Unatafuta wateja au unanitafuta mimi?"

"Wateja ninao wa kutosha."

Sindano alicheka, akashangaa kujisikia anacheka. Jumamosi ya tatu alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye mikono mipana na vifungo vya mbao, wakakaa kwenye mgahawa mkabala na duka la miwani. Walisoma kurasa, wakabishana. Mpwa alimshika mkono.

"Nakupenda. Najua msiba bado mbichi, lakini nakupenda. Nipe nafasi. Mimi siyo mtu wa kukuacha peke yako kwenye ngazi za ofisi ya ndoa."

Mkono wa Sindano ukapoa.

"Nani alikuambia habari za ngazi?"

Mpwa aliuachia mkono wake.

"Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mama yangu mwenyewe anajua tuliahirisha ndoa tu, hajui kwamba niliachwa pale. Nani alikuambia?"

Mpwa akainamisha kichwa. "Shangazi mikono ilimshinda miezi saba ya mwisho. Macho nayo yakafuata. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea ujumbe. Na kumwandikia majibu."

"Yangu pia?"

"Yako pia."

Sindano alisimama hata kiti kikaanguka. Miezi saba! Ndiyo ile miezi aliyokuwa akilia hadi mto unalowa. Hatamani kula wala kuona watu, cherehani imefunikwa shuka. Kilichomwinua ni jibu la Shangazi: *Kesho usishone nguo ya mtu. Kata kitambaa chochote, hata foronya, ushone mshono mmoja ulale.* Alishona mshono mmoja. Kesho yake miwili.

"Kwa hiyo nilikuwa najivua nguo mbele yako, na wewe umekaa unatazama," alisema. "Ukanikuta pale dukani ukajifanya hunijui."

"Niliogopa, mpenzi..."

"Usiniite hivyo!"

Alimzuia simuni na kujitoa kundini. Siku nane alishona sare za wauguzi, pindo baada ya pindo, kichwa kikimzunguka. Kilichomuuma zaidi hakikuwa siri kujulikana. Ni kwamba hakujua tena anamlilia nani. Kama maneno yalikuwa ya huyu, basi Shangazi wake alikuwa amekufa miezi saba kabla ya kuzikwa, na yeye hakuambiwa.

Siku ya tisa asubuhi mpwa alisimama mlangoni mwa karakana, amekonda, shati halikupigwa pasi. Aliweka simu kuukuu juu ya meza ya kukatia.

"Sikuja kuomba kitu. Hii ni yake. Nikienda kazini niliiacha wazi ikimrekodi sauti, jioni naandika. Sikiliza, kisha uamue unavyotaka."

Sindano alibonyeza. Sauti ikatoka, nzito, yenye kikohozi na ukali kidogo, wala haikufanana na ile aliyokuwa ameiwazia miaka sita.

*"Mwandikie Sindano hivi. Kesho usishone nguo ya mtu. Kata kitambaa chochote, hata foronya... Na wewe kijana, andika hivyohivyo, usinipambie! Mtoto wa watu analia, wewe unatafuta maneno mazuri."*

Sindano alilala kifudifudi juu ya vitambaa, akalia kwa sauti kama aliyepata habari ya msiba dakika ile. Mpwa hakumgusa. Alisubiri mpaka akanyamaza.

"Yote ni yake," alisema, "isipokuwa ujumbe mmoja. Ule wa mwisho."

Sindano aliukumbuka neno kwa neno: *Nimelala vizuri leo, mwanangu. Endelea kuandika.*

"Siku ile hakuweza kusema tena. Wewe ulikuwa umeuliza mara tatu anaendeleaje. Nilishindwa kukuambia anakufa. Nikakudanganya kwa jina lake."

Sindano alifuta uso kwa kipande cha bitana. "Ningekuja," alisema. "Ungeniambia, ningekuja kumshika mkono. Siku ile ulininyima."

"Najua."

"Na wenzangu? Wangapi uliwadanganya hivyo?"

"Sita."

"Nenda kawaambie. Mwenyewe, kwa jina lako."

Alienda. Mchana huo, akitumia simu ya marehemu kwa mara ya mwisho, aliwaandikia watu wote wa kundi. Wengine walimtukana matusi ya nguoni. Bibi mmoja mstaafu aliandika: *Umeniumiza, mwanangu, lakini nashukuru uliketi naye.* Yule wa nukta alitoka kundini na hakurudi. Sindano, aliyeomba kurudishwa, alisoma yote huku amesimama, mkasi mkononi, bila kuandika neno.

Kwenye saa kumi alimpigia mpwa.

"Halo?" alisema mpwa. "Nilidhani umenifuta."

"Nilikufuta. Nimekurudisha leo."

"Umenisamehe?"

"Bado. Hasira ninazo, nyingi tu. Lakini nikizima simu nakukumbuka, na hilo nalo linanikasirisha."

"Basi nitakuwa nakutumia ujumbe kila asubuhi, polepole, mpaka..."

"Ujumbe sitaki," Sindano alimkatiza. "Ukiwa na neno la kuniambia, piga simu, au njoo ulisemee hapa mlangoni, nikikutazama mdomo."

"Nije lini?"

Sindano alitazama rundo la sare ambazo hazijatiwa vifungo.

"Njoo sasa," alisema.