Wagonjwa Mia Mbili na Kumi na Wawili Waliofutwa

Alhamisi saa mbili asubuhi, muuguzi mkuu wa hospitali ya macho alifungua kompyuta ili awaite wagonjwa wanne wa upasuaji wa siku hiyo, akakuta foleni tupu. Jana yake ilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Sasa hapakuwa na hata jina moja. Akapiga simu polisi.

Kufikia saa tatu, Inspekta wa makosa ya mtandao alikuwa amesimama katika chumba cha mitambo, mikono nyuma. Kituoni walimwita Bibi Tena, maana hakuwahi kuridhika na jibu aliloambiwa mara moja tu.

"Nani amefuta?"

"Inaniuma kusema, Afande," alijibu mkuu wa mitambo, ambaye kila mtu alimwita Kaka Mkubwa. "Ni marekebisho ya binti huyu. Yameingia jana saa kumi jioni. Saa kumi na dakika tano foleni haipo."

"Tena, polepole. Nakala za akiba je?"

"Akiba huiga seva, ile kompyuta kuu, kila nusu saa. Kilichofutika huku hufutika na kule. Hata daftari linaloandika nani ametoa amri gani limefutika."

Binti mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu. Programu ya foleni ilikuwa huria: watu wa kujitolea waliiandika bila malipo, na yeyote mwenye ujuzi aliweza kuisoma na kuirekebisha. Binti alikuwa mmoja wao. Wenzake walimbandika jina la Sisimizi kwa jinsi alivyobeba kazi ndogondogo bila kuchoka. Kaka Mkubwa ndiye aliyemfundisha.

"Marekebisho yako yanafanya nini?" Inspekta alimuuliza.

"Yanaweka tarehe ya kujiandikisha mbele ya kila jina. Aliyetangulizwa kabla ya zamu yake anatokea kwa rangi nyekundu. Hayafuti chochote, Afande. Kwangu yalifanya kazi vizuri."

"Kila mshukiwa ana kwake ambako mambo yalikuwa vizuri."

Sisimizi akainamisha kichwa. Kuharibu taarifa za hospitali ni kosa la jela. Gari la polisi lingeondoka saa kumi, naye ndani yake, kama hapangetokea ushahidi mwingine.

Bibi Tena hakuwa mtaalamu wa kompyuta, ila mauaji alikuwa ameyapeleleza ya kutosha. Katika kesi ngumu hupanga upya chumba cha tukio: meza palepale, taa ileile, mlango umeachwa wazi kiasi kilekile. Kisha humwambia mtu atembee.

"Unaweza kunijengea seva nyingine kama ile? Nasema kama ile. Sitaki ndugu yake, nataka pacha."

"Naweza," Sisimizi alisema. "Tuna mwongozo."

Mwongozo ulikuwa wa kurasa sita, kazi ya Kaka Mkubwa, na mtu wa kujitolea asiyeufuata hakuruhusiwa kuleta hata mstari mmoja. Sisimizi akaanza kusoma na kutenda. Mfumo wa toleo lilelile. Hifadhidata ya toleo lilelile. Saa iliyowekwa vilevile, kumbukumbu ya ukubwa uleule, ratiba ileile ya nakala za akiba. Mara mbili pacha aligoma kuwaka. Mara ya tatu akawaka. Wakamjaza wagonjwa mia mbili na kumi na wawili wa kubuni, na jasho lilimtoka binti yule kana kwamba alikuwa akisukuma gari.

"Sasa ingiza marekebisho yako," Inspekta aliamuru.

Yakaingia. Wakangoja dakika tano, wakaongeza kumi, kisha nusu saa nzima ili akiba nayo iige. Sisimizi akahesabu kwa sauti. Wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, hakuna aliyekosekana.

Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kuinua uso. Mimi nasema alistahili kupigiwa makofi palepale, lakini polisi hawana desturi hiyo.

"Hiyo haifanani na seva halisi," Kaka Mkubwa alisema haraka.

"Mwongozo uliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Una makosa?"

Kurasa zile sita zilikuwa fahari yake. "Hauna makosa."

"Basi inafanana. Niambie, kabla hamjagusa seva ya hospitali, huwa mnafanyaje?"

"Tunajaribu kwanza kwenye seva ya mazoezi. Hakuna amri inayopita bila kujaribiwa kule."

"Hata za kwako?"

"Hasa za kwangu. Mwaka wa tisa huu sijawahi kuvunja utaratibu huo."

"Tena."

"Sijawahi kuuvunja, Afande." Alilisema hilo kifua mbele, kisha uso ukambadilika, kama mtu aliyefunga mlango na kukumbuka ufunguo uko ndani.

"Nionyesheni hiyo ya mazoezi."

"Iko kwenye matengenezo," alisema Kaka Mkubwa.

"Inawaka," alisema Sisimizi.

Polisi hupekua mahali tukio lilipotokea. Ni nadra kupekua mahali lilipofanyiwa mazoezi. Sisimizi akafungua daftari la amri la seva hiyo, ambalo kwa sheria ya Kaka Mkubwa mwenyewe hakuna mtu aliyeweza kulifuta. Akasoma, akasita, akasoma tena bila kuambiwa.

"Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Amri ya kufuta foleni yote, itakayofanya kazi dakika tano baada ya marekebisho kuingia."

"Marekebisho yako yaliingia lini?"

"Jumatano."

"Amri ni ya nani?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ya Kaka."

Kando ya daftari palikuwa na faili. Fundi makini hajaribu kwa majina ya kubuni akitaka uhakika, kwa hiyo Kaka Mkubwa alikuwa amenakili foleni halisi, nzima, na nakala hiyo ilikuwa bado pale. Muuguzi mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu saa tano, alishika fremu ya mlango na kucheka kwa furaha.

Sisimizi akaipitisha nakala kwenye marekebisho yake. Safu zote zikatokea nyeusi, isipokuwa moja: namba nne, mama wa miaka sabini na mmoja, aliyejiandikisha mwezi uliopita tu. Inspekta akasoma namba ya simu ya jamaa wa karibu, akaipiga. Simu ikaita mfukoni mwa Kaka Mkubwa.

Hakuipokea.

"Ni mama yangu," alisema. "Alikuwa wa mia moja arobaini na moja. Kila nikiingia ndani ananiuliza wewe ni nani. Mwezi mzima nimejibu. Siku moja nikashindwa, nikamsogeza."

"Kwa nini hukumrudisha?"

"Alishapigiwa simu kuja leo. Na rangi nyekundu ilikuwa inakuja. Nikajua foleni ikifutika, tarehe hazitakuwepo, na walioitwa watapasuliwa tu."

"Na mimi?" Sisimizi aliuliza.

"Nilidhani watasema umekosea, mgeni wa kazi, watakusamehe. Sikujua muuguzi ataita polisi." Akafunika uso. "Nisamehe, mdogo wangu."

Sisimizi aligeukia kompyuta. Alikuwa na hasira, na alikuwa na kazi. Aliipanga foleni kwa tarehe, akaijaribu kwenye pacha, ndipo akairudisha kwenye seva ya hospitali. Saa nane na robo watu mia mbili na kumi na wawili walisimama kila mmoja mahali pake, na muuguzi mkuu akamkumbatia mpaka kiti kikasogea.

Bibi Tena mwenyewe alitoka hadi kwenye benchi la nje kumweleza mama yule. Mama hakujua lolote. Mwanawe alimwambia ni bahati tu.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa imeshika fimbo.

"Sasa mimi ni wa ngapi?"

"Wa mia moja arobaini na moja, mama. Hakuna wa kukutoa hapo."

"Basi nitangoja. Huyo mwenye nafasi yake amepigiwa?"

Sisimizi, aliyemfuata Inspekta nje, alikuwa ameshashika simu. Upande wa pili alipokea fundi viatu, aliyekuwa amejiandikisha miezi kumi na minne iliyopita.

"Baba, njoo leo hii," alisema. "Zamu yako imefika."