Mwaliko wa Mpishi

Maiti ilikuwa imekaa kitako nyuma ya mlango wa kontena la barafu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika. Mlango ulikuwa na mikwaruzo kwa ndani, na pale palipotakiwa kuwa na mpini wa kufungulia palikuwa na tundu tupu.

Inspekta Irini Kalafatas alilitazama lile tundu kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama marehemu. Alipotoka nje, joto la Tarlow Springs lilimvaa upya.

Ulikuwa msimu ule mbaya ambao mawingu hujaa kila alasiri, radi zikapiga, na tone lisidondoke. Wiki hizo watu wa Jimbo la Kaskazini la Australia hupandwa na kichaa kidogo. Mume na mke hugombana kwa sababu ya feni. Irini mwenyewe usingizi ulikuwa umemhama tangu mwezi uanze, na kila kitu kilimkera: viatu, nzi, hata Konstebo Tully na chingamu yake.

"Umeshamtambua?"

"Nischal Dhungana, afande. Mnepali, mpishi wa hapa hotelini. Kijana tu, hajafika thelathini."

"Nani kamkuta?"

"Mwenye hoteli. Alikuja kuchukua nyama ya kuchoma ya Jumapili."

Merv Stubbins, mwenye hoteli, alikuwa amekaa juu ya kreti la bia, uso mwekundu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kitambi.

"Mpini wa ndani umevunjika tangu lini?"

"Muda sasa."

"Nani alijua?"

"Jikoni wote. Tukiingia tunaegesha kreti mlangoni usijifunge. Nilikuwa nitengeneze, dada. Haki ya Mungu nilikuwa nitengeneze."

"Komeo la nje limekutwa limetiwa. Komeo halijitii lenyewe."

Merv alijipangusa jasho kwa shati.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Ijumaa mchana. Alileta karatasi nisaini, kwamba ni mpishi wangu kweli na anaishi hapa. Serikali ya jimbo ilimwalika. Si unajua mambo ya viza? Jimbo linachagua mafundi linaowataka, linawatumia mwaliko, ndipo wanaomba ukaazi. Usipoujibu kabla ya siku yake, umekufa. Yake ilikuwa Ijumaa ileile, kabla ofisi haijafungwa."

"Kwa nini ulimchelewesha hadi siku ya mwisho?"

Merv alitazama viatu vyake. "Mpishi akishapata ukaazi, mwaka wa tatu tu yuko Darwin au Sydney. Mimi nabaki na nani?"

"Kwa hiyo ulimkalia karatasi."

"Nilimkalia. Lakini nikasaini! Sikumfungia mtu mimi!"

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakumsaidia Irini. Mwili umegandishwa, alisema, na mwili uliogandishwa hauna saa. Kijana amekufa kwa baridi, huenda Ijumaa, huenda Jumamosi. Zaidi ya hapo asiulizwe.

"Basi ni Merv," Tully alisema garini. "Jumamosi alikuwa peke yake hotelini, jiko lilifungwa. Wanepali wote walikuwa ukumbini kwenye sikukuu yao ya Dashain. Sababu anayo, kontena ni lake. Tumkamate tukaoge."

"Wewe unataka kuoga tu."

"Afande hutaki?"

Irini alitaka sana. Lakini kulikuwa na kitu kinamwasha kichwani, na hakuweza kukikuna.

Bhim Dhungana walimkuta nyumbani, nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli ileile, mtu mwembamba mwenye mvi masikioni. Yeye na Nischal walikuwa watoto wa ndugu wawili. Baba yake ndiye mkubwa, wa Nischal mdogo, na walilelewa nyumba moja. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, na kilio hicho hakikuwa cha kuigiza. Irini alikwishaona vya kuigiza vingi, hakukosea.

"Pole sana, bwana Dhungana."

"Ahsante, madam. Ni mdogo wangu huyu. Mimi ndiye niliyemleta nchi hii. Kisu cha jikoni nilimfundisha kukishika mimi."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi asubuhi. Aliaga anakwenda Darwin kwa rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Hakutaja."

"Na Ijumaa wewe ulikuwa wapi?"

"Baada ya chakula cha mchana Merv alinituma mjini Katherine kufuata mboga. Nilirudi jioni. Jumamosi nilishinda ukumbini, kila mtu aliniona."

Binti yake alipita na sare ya mpira wa wavu, akawasalimia wageni kwa lafudhi ya watoto wa pale pale, akaingia chumbani. Aarohi, miaka kumi na minne. Bhim alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

"Na wewe uliomba mwaliko?" Irini aliuliza.

"Niliomba kabla yake."

"Wakakualika?"

"Bado." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwezi ujao natimiza arobaini na mitano. Ukishavuka hapo hakuna jimbo linalokualika. Viza yangu ikiisha tunarudi, na huyu mtoto hata barua ya Kinepali hajui kuisoma. Lakini hayo ni yangu, madam. Leo nina msiba."

Irini aliondoka. Alimpenda yule mtu, na hilo nalo likamkera.

Jumatatu alipiga simu ofisi ya jimbo. Mwanamke mpole alimjibu: mwaliko wa Nischal Dhungana haukujibiwa, na Ijumaa jioni ulifutika.

Irini akauliza swali jingine, akapewa jibu, akakata simu.

"Tully, hebu tema hiyo chingamu unisikilize. Kijana anangoja mwaliko miaka. Saini aliyokuwa akiililia anaipata Ijumaa mchana. Kilichobaki ni kukaa kwenye kompyuta na kubonyeza. Habonyezi. Halafu Jumamosi anaamka mzima, anafunga safari kwenda kutembea?"

Tully aliacha kutafuna. "Hakuamka."

"Hakuamka. Na aliyesema kaamka ni mmoja tu."

"Lakini yule bwana analia, afande."

"Nimeona analia. Nataka kujua ameanza lini."

Sikukuu ya Jumamosi iliandaliwa na Yamuna Kafle, muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Aliwapa chai kabla hawajakaa.

"Kuna yeyote aliyemwona Nischal Jumamosi?"

"Hakuna. Kaka Bhim alisema kaenda Darwin. Mimi nilikasirika! Siku ya tika unakwenda Darwin? Siku ile wakubwa wanawabandika wadogo mchele mwekundu hapa kwenye paji la uso, wanawaombea. Nani anaikimbia?"

"Na Bhim aliwabandika wadogo?"

"Nani, yule? Usinitie hasira, dada. Sisi wakubwa wa kiume hapa tunao wachache, tunamtegemea. Kafika, kakaa nje kwenye baraza kama mtu wa kudai kodi. Nikamwambia kaka, watoto wamepanga mstari. Hataki. Nikamwambia basi njoo na wewe ubandikwe na mzee. Hataki. Eti ana homa. Nikampima kwa mkono huu, homa hana."

"Alikula?"

"Mimi nimepika mbuzi tangu alfajiri! Hakumgusa. Akaomba wali mtupu. Aarohi akamletea achari, akaisukuma. Nikamwambia angalau tia chumvi, mpishi mzima unakula kama…"

Yamuna aliishia hapo. Kikombe kilibaki hewani.

"Kama nani, dada Yamuna?"

Yamuna alikitazama kikombe chake.

"Kwenu nani anaacha chumvi?"

"Mfiwa," Yamuna alisema, na ile sauti ya kuamrisha ilikuwa imemtoka yote. "Ukifiwa na ndugu wa ukoo wa baba, huli chumvi. Tika hubandiki wala hubandikwi, mpaka siku za msiba ziishe. Ni mwiko mkubwa."

"Maiti imepatikana Jumapili."

"Najua." Alikiweka kikombe chini, chai ikamwagika mezani, hakuifuta. "Mungu wangu. Alikuwa amekaa pale barazani tunamcheka. Alikuwa anaomboleza."

Bhim aliletwa kituoni alasiri ile. Feni ya chumba cha mahojiano ilizunguka kwa uvivu. Nje radi ziliguruma, na kama kawaida yake mvua ilikataa. Irini aliwasha kinasa sauti, akamsomea haki zake, kwamba halazimiki kusema neno na kwamba wakili atapewa. Bhim akatikisa kichwa. Wakili hakumtaka.

"Jumamosi ulikataa tika."

"Nilikuwa na homa."

"Yamuna anasema hukuwa nayo. Chumvi je?"

Bhim alikunja vidole vyake.

"Bwana Dhungana, ulikaa msiba wa mtu uliyesema yuko njiani kwenda Darwin."

Bhim angeweza kukana. Irini alijua kwamba mahakamani sahani ya wali mtupu si ushahidi mzito, na wakili yeyote angeipeperusha. Alichotegemea ni kwamba mbele yake kulikuwa na mtu aliyeweza kuwadanganya polisi, mwajiri na mkewe, lakini alishindwa kumdanganya marehemu kwa sahani moja ya chakula.

"Ningekulaje?" Bhim alisema. "Ni mdogo wangu. Ningebandikaje watoto baraka kwa mkono huu?"

"Mkono uliotia komeo."

"Ndiyo, madam."

Tully aliacha kuandika.

"Nieleze."

"Ijumaa alikuja jikoni anaruka kama mtoto. Merv kasaini! Nikamvuta pembeni, nikampigia magoti, mimi mkubwa. Nikamwambia mdogo wangu, wewe una miaka mingi mbele, wataalika tena, utapata. Mimi sina mwezi. Uache huu upite. Ukiupisha, nafasi itaniangukia mimi ninayefuata."

"Nani alikwambia itakuangukia?"

"Jikoni kote wanasema hivyo. Darwin, Alice Springs, kila mpishi anajua. Mmoja akijitoa, anayefuata anaitwa."

"Nischal alisemaje?"

"Alisema, kaka, hata nikijitoa hawatakupa wewe. Nikaona ananidharau. Nikamwambia basi, nenda uniletee nyama kontenani kwanza. Akaenda. Kila siku ananitii. Simu alikuwa ameiacha jikoni kwenye chaji. Nikaondoa kreti."

"Ulitaka afe?"

"Hapana! Mpaka ofisi ifungwe tu, nimfungulie. Angenipiga, angenitukana, sawa. Ndipo Merv akanipa funguo za gari, nenda Katherine sasa hivi."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nikasema nitakimbiza, nitarudi mapema. Wakati wa kurudi tairi likapasuka."

Irini aliinama mbele. "Simu yako ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mtandao?"

"Ulikuwepo."

"Simu moja kwa Merv ingetosha. Fungua kontena, basi. Kwa nini hukupiga?"

Bhim alitazama meza. Machozi yalimdondokea mikononi, hakuyafuta.

"Ofisi ilikuwa haijafungwa, madam. Nilikaa chini kando ya gari natazama saa. Nikasema kidogo tu. Kidogo tu."

"Na ilipofungwa?"

"Nikawaza akitoka atasema, na nikishtakiwa nani atanialika? Nikafunga tairi. Nilipofika nikafungua, akawa amekaa pale mlangoni. Nikamwita. Nikarudisha komeo, nikaenda nyumbani, mke wangu akaniuliza mbona huli."

Hata Tully, ambaye alikuwa na neno la kila kitu, alitazama ukuta. Irini alihisi hasira, na chini ya hasira huruma, na hakujua ashike ipi kati ya hizo mbili. Huko nyumbani mtoto wa kike alikuwa anamngoja baba amsaidie hesabu.

Bhim aliinua uso.

"Naomba kuuliza kitu kimoja, madam. Ile nafasi yake. Wamempa nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Irini mwenyewe alikuwa ameiuliza ofisi asubuhi.

"Hawampi mtu. Mwaliko ni wa aliyealikwa peke yake. Usipojibiwa unafutika, hauendi kwa anayefuata. Hakuna anayefuata. Duru nyingine wanaanza upya na wanaowataka wao."

Bhim alimwangalia kana kwamba amesema kwa lugha nyingine.

"Yaani Nischal alisema kweli?"

"Alisema kweli."

Bhim alijishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Basi nimemuua bure," alisema.

Irini alinyoosha mkono kuzima kinasa sauti, akasita, akakiacha kiendelee.

"Na kama isingekuwa bure, bwana Dhungana, ingekuwa sawa?"

Bhim alishusha mikono kutoka kichwani, akautazama ule uliotia komeo.