Mbula na Fundo la Zizi

Kila asubuhi Mbula alikamua mbuzi, akavuta lango la miiba, akalifunga fundo moja kwa kamba ya mkonge, akashika njia ya shule. Baada ya hatua ishirini hivi, alirudi. Alifungua fundo, akalifunga upya, akaenda, akarudi tena. Siku nyingine alirudi hata mara tisa, mpaka mbuzi wenyewe wakamtazama kama wanaotaka kumuuliza, dada, umesahau nini leo?

Haukuwa mchezo. Kichwani mwake kulikuwa na sauti isiyochoka: fisi ataingia, mbuzi wataisha, na kosa litakuwa lako. Alijua fundo limekaza, ila kujua hakukumsaidia. Mama yake, Syombua, alimhurumia, akawa anasimama langoni kila siku kumhakikishia kwamba limefungwa. Kaka yake, Ndolo, yeye alidai fisi wa pale kwao Migwani walishahama kwa kukata tamaa.

Mbula alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika tarafa nzima hakuna msichana aliyemweza kwa mbio. Lakini mwaka wa 1986, lori la kuwapeleka wanariadha Kitui liliondoka yeye akiwa bado langoni. Mwaka uliofuata mwalimu Nzuki alimwambia waziwazi kwamba lori halingoji mtu. Zilibaki wiki sita kabla ya mashindano.

Baba alijaribu dawa. Sokoni alimkuta mchuuzi mwenye kipaza sauti akiuza chupa ya maji ya kahawia, ya kuponya wasiwasi, minyoo na mkosi. Mbula aliinywa siku nne. Ikamharisha, sasa akawa na mahali pawili pa kukimbilia kila dakika.

Ndipo mama akampeleka zahanati kwa Sista Shamis, muuguzi kutoka Garissa aliyekuwa akiongea Kikamba kushinda Wakamba wengine. Aliuliza juu ya chakula kabla ya kuuliza juu ya fisi. Mbula akakiri: asubuhi ni chai ya rangi tu, jioni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, hupoa kwenye sahani akikagua punje moja moja asije akala jiwe, usingizi ni wa kuibia.

"Hii si laana wala ukaidi," Sista alisema. "Ni ugonjwa, na kuna daktari anayeujua. Nitawaandikia barua. Chakula peke yake hakiuponyi. Lakini mwili wenye njaa na usingizi nusu huogopa hata kivuli chake."

Mama aliuliza kama anunue vidonge vya vitamini. Sista akacheka, akamwambia damu ya mtoto haikosi kitu, vitamini zake ziko shambani: mbaazi, kunde, mapapai, uji wa wimbi. Kisha akaacha kucheka.

"Na wewe mama, kila asubuhi unamwambia limefungwa. Mnaulisha ugonjwa kuliko mnavyomlisha mtoto."

Daktari naye alisema vivyo hivyo, mama asimhakikishie tena. Mbula apunguze kurudi, kidogo kidogo, na hofu ikipanda aiache ipande. Ikichoka itashuka yenyewe.

Wiki zile alikunywa uji, akalala mapema, akala muthokoi bila ukaguzi. Siku moja aliuma jiwe kweli. Alilitema, akaendelea kula. Kurudi langoni kulipungua kutoka tisa hadi tano, kisha mbili. Aliyeteseka zaidi ni mama, aliyekuwa akiuma midomo asiseme neno.

Siku ya lori ikafika. Mbula alifunga fundo moja, akaondoka. Penye njia panda hofu ikamkamata, miguu ikageuka yenyewe.

"Mama, limefungwa?" aliita.

Syombua alikuwa uani, na lango analiona vizuri. Aliligeuzia mgongo.

"Sijui, Mbula. Kimbia."

Akakimbia. Moyo ulimdunda kilima kizima. Alipofika upande wa pili, ukatulia wenyewe. Mwalimu Nzuki alimkuta ndani ya lori, ameketi mbele ya wote.

Jioni alirudi na nishani ya mshindi wa pili. Majirani walijaa uani, na mmoja akauliza ni dawa gani ile iliyomponya, ya chupa gani. Syombua akamvuta bintiye karibu.

"Ugonjwa wa mawazo ni ugonjwa kama malaria. Haufichwi, hauchekwi, wala hautibiwi na kipaza sauti. Unapelekwa kwa anayeujua, na mgonjwa anafanya kazi yake." Akamtazama Mbula. "Uji nilikupikia mimi, mwanangu. Kuliacha lile lango, hilo hakuna aliyekupikia."