Njia ya Shahidi

Mstari mweusi ulitokea mahali ambapo hapakuwekwa damu.

Mama mmoja, fundi wa maabara, aliishika filamu kwa pembe zake akaielekeza kwenye taa. Wagonjwa wote walionekana safi. Lakini njia ya mwisho ya jeli, aliyoitilia maji ya chumvi tu kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa na mstari mweusi ti, mnene kama wanja.

"Dada, pipeti imekudondokea hapo," alisema mwenzake wa meza ya pili, baba wa watoto wengi ambaye wote walimwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Pipeti hainidondokei. Mimi si wewe."

"Haya, basi maji ya chumvi yameugua. Tuyatafutie kitanda wodini."

Mama hakucheka. Alikuwa na msiba mbichi. Binti yake wa pekee alikufa kwa ugonjwa ambao ukijulikana mapema una dawa, na hujulikana kwa protini moja inayoelea ndani ya damu. Kazi ya maabara ile ilikuwa kuitafuta protini hiyo. Damu hutiwa kwenye jeli, kila mgonjwa katika njia yake, umeme ukazisukuma protini, nyepesi zikatangulia na nzito zikabaki nyuma. Kisha huhamishiwa kwenye utando, utando ukalowekwa kwenye maji ya kingamwili, ambacho huitafuta protini yake moja tu na kuing'ang'ania kama kupe. Ikiwepo, filamu huonyesha mstari.

Damu ya binti ilipimwa hapo hapo. Kanuni haimruhusu mtu kupima damu ya ndugu yake, kwa hiyo mama alikaa nyumbani kusubiri. Jibu likaja: safi. Binti akaendelea kukohoa huku akiambiwa ni vumbi, mpaka hospitali nyingine ilipogundua, na maji yalikuwa yamezidi unga. Tangu siku ya maziko, mama alimwomba Mungu jambo moja katika kila sala: amjue aliyemuua mwanawe, kisha amlipe.

Alirudia kipimo. Mara hii njia ya maji ya chumvi aliiacha tupu kabisa. Mchana huo aliingia na utando katika chumba cha giza, ambamo filamu husafishwa chini ya kitaa chekundu kisichomwonyesha mtu hata kucha zake, akafunga mlango. Akasikia harufu. Haikuwa ya dawa ya filamu. Ilikuwa ya mafuta ya nywele aliyokuwa akijipaka marehemu.

Nyuma yake mtu akakohoa, kikohozi kikavu kinachoishia na mluzi mdogo kifuani, kikohozi ambacho mama alikilalia na kukiamkia miezi mingi, akikihesabia pumzi, akikiombea kikome, na ambacho kilipokoma kweli alitamani kirudi hata kama kingerudi peke yake.

"Usigeuke, Mama."

"Wewe si mwanangu," alinong'ona. "Wafu hawarudi."

"Kweli. Mwanao amelala. Mimi ni karini wake, jini niliyezaliwa naye siku moja. Yeye mlimpa kaburi. Mimi sina pa kulala."

"Unataka nini?"

"Unachotaka wewe. Muulize mkubwa wako: siku ile shahidi alikuwa wapi?"

Kwa mafundi wale, shahidi ni damu ambayo tayari inajulikana kuwa na ugonjwa. Huwekwa katika njia yake kwenye kila kipimo. Mstari wake ukitokea, kingamwili ni kizima, na njia nyeupe zinasema kweli. Usipotokea, kipimo hakijasema kitu. Bila shahidi, weupe si afya, ni ububu.

Mama alitoka akamwita mkuu wa maabara, daktari waliyempa jina la Mizani kwa sababu alipima kila kitu, hata sukari ya chai yake.

"Daktari, njoo uone filamu."

Alipoingia, mama alifunga mlango na kuuegemea.

"Damu ya binti yangu ulipima wewe au Kasuku?"

"Mimi. Lakini dada yangu, hayo yamepita. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Usimtwike Mungu mzigo wako. Shahidi alikuwa wapi?"

Kikohozi kikasikika, safari hii sikioni mwa daktari.

"Nani mwingine yumo humu?" aliuliza kwa sauti ndogo, na kabla hajajibiwa alihisi nywele zenye mafuta zikimpita shingoni, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kufunga kamba, zikazunguka mara moja na tena na tena, baridi kuliko friji ya damu, na kila alipovuta pumzi zilingoja aitoe ndipo zikakaza, zikakaza, mpaka akapiga magoti kati ya ndoo za dawa.

"Sikumweka!" alilia. "Wagonjwa walikuwa wengi, njia hazikutosha. Nafasi ya shahidi nikampa mgonjwa. Na kingamwili kilikuwa kimetumika mara nyingi. Baadaye niligundua kilikuwa kimekufa."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, nani angeleta damu hapa tena?"

"Na wengine mliowapima siku ile?"

"Wako majumbani. Wanajua ni wazima."

Mama alifungua mlango. Alimkalisha daktari mbele ya simu, na mbele ya Kasuku, akampigisha kwa kila mmoja wa wagonjwa wale. "Rudi upimwe upya. Kosa ni langu." Sauti ilikuwa ikimkauka kwa kila simu, na shingoni pake mistari myeusi ilikuwa ikiongezeka, mmoja chini ya mwingine.

Alipoweka simu ya mwisho alishika upindo wa gauni la mama.

"Nimefanya ulivyotaka. Mwambie aniachie. Wote tunajua marehemu baba yako alikufundisha dua ya kufukuza majini."

Mama aliinua mikono, akaisoma dua, polepole, herufi kwa herufi, na mistari ikaanza kufifia, na daktari akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani. Mama alifika mwisho. Dua ile, baba yake alimfunza, haikamiliki mpaka aliye karibu aitikie amina.

Kasuku alikuwa ameshainua mikono yake. Midomo ilimfunguka.

"Kaka," alisema mama. "Usiitikie."

Kasuku alimtazama daktari, akamtazama mama. Alishusha mikono, akafumba mdomo.