Kipande Kidogo cha Diski

Kila asubuhi kabla ya chai, Kiherehere aliwasha kompyuta ya nyumbani. Jina hilo alibandikwa na baba yake, fundi wa mabomba ya maji, kwa sababu hakuona kitu asikiguse. Mashine ilipowaka, ilionyesha orodha fupi ili mtu achague: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta aliousomea yeye, au mfumo wa zamani uliohifadhi ramani ya baba. Ramani hiyo ilikuwa na kila bomba lililofukiwa mtaani. Baba aliichora kwa miaka minne.

Asubuhi ile orodha haikutokea. Skrini ilibaki nyeusi, mstari mmoja mweupe ukipepesa pembeni kama jicho linalomvizia.

Jana, akitafuta nafasi ya mchezo mpya, aliona kipande kidogo kilichotengwa ndani ya diski ya kompyuta, kisicho na picha wala barua. Akakifuta.

Baba aliingia amevaa buti. Saa nne katapila lingechimba barabara ya hospitali, na bomba kuu lilipita humo; yeye ndiye angeonyesha pa kuchimba. Likipasuka, wodi zote zingekosa maji, na mtaa mzima pia. Akauliza nani ameigusa kompyuta.

"Nimeikuta hivyo," Kiherehere akasema. Ulikuwa ukweli nusu.

Mjomba, fundi wa kompyuta aliyeitwa kwa simu, alikuja na utani wake kama kawaida, akamwambia shemeji yake azibue mabomba tu na mashine awaachie wenyewe. Alipoinamia kompyuta, utani ulikatika. Diski ilikuwa kuukuu, huenda imekufa. Angeipeleka kwenye karakana yake kwa siku mbili.

"Sina siku mbili," baba akasema. Akachana karatasi ya daftari, akaanza kuchora kwa kukumbuka. Akachora, akafuta, akachora tena upande wa kulia. Akainuka na karatasi mkononi. Nje, upande wa hospitali, katapila lilikuwa tayari linanguruma.

"Baba, usiende. Nilifuta kipande cha diski jana."

Mjomba akageuka taratibu. "Umeweka chochote mahali pale?"

"Hapana, mjomba. Mchezo wenyewe sijaupakua bado."

Basi diski ilikuwa nzima. Kipande kile, mjomba alieleza huku akichomeka flashi, ndicho kilichobeba kianzishi, programu inayoleta orodha na kuamsha mifumo yote miwili. Kwa kuwa hakuna kilichoandikwa juu yake, kingeweza kurudishwa. Akakitafuta, akakirejesha, akakisimika kianzishi upya. Orodha ikatokea.

Baba alifungua ramani, akaiweka kando ya mchoro wake. Bomba kuu lilipita kushoto, si kulia alikochora. Hapo hapo ndipo alipotaka katapila lianze.

Akaikunja karatasi polepole. "Kufuta ni kosa la kutojua, mwanangu, na kutojua kunafundishika. Ila ulijua, ukaniacha nichore kwa kubahatisha. Siku nyingine, niambie kabla sijafika mlangoni."

Akatoka mbio. Kiherehere alisimama jikoni, mkono juu ya bomba la sinki, akisikiliza mngurumo wa katapila. Ulipozimika, akafungua. Maji yakatoka.