Jiwe la Kaburi la Haroun

Kontena langu lilifungwa bandarini Huangpu saa kumi na moja kasoro jioni. Jinzi na blauzi, mzigo wa Krismasi. Wakala akanikabidhi karatasi zangu, akasema, "Laoban, kapumzike, kesho una ndege." Huku China kila mwenye mzigo anaitwa laoban, bosi, hata mimi Judica wa Same niliyeanza kwa kuuza mitumba. Nikamwambia kupumzika baadaye. Nina mzee wangu wa kumchukua huko kilimani.

Mzee mwenyewe amekufa zamani, kabla hata mama yangu hajazaliwa.

Anaitwa Haroun. Ni baba yake Bibi Flavia, bibi aliyenilea. Alikuwa Myahudi, ana duka la vitambaa Tanga. Bibi akiwa hajaota hata jino, Haroun akaaga kwamba anakwenda Canton kununua hariri, atarudi. Canton ndiyo hii hii Guangzhou ninayochukulia jinzi zangu. Hakurudi. Bibi ameitwa mwana haramu shuleni, kanisani, mpaka siku ya harusi yake. Sasa ana miaka tisini na moja, yuko kitandani, chakula hataki, na anadai kitu kimoja tu: "Nileteeni baba yangu niwaonyeshe." Kwetu aliyefia ugenini huletwa nyumbani, hata kama ni konzi moja ya udongo.

Aliyelipata kaburi ni Benedicta, Mtanzania anayesoma shahada ya uzamivu ya historia hapa mjini. Mwaka mzima alipekua madaftari ya zamani.

"Dada Judica," aliniambia kwenye simu, "ni makaburi ya wageni, nyuma ya bandari, na Wayahudi wana kipande chao. Wao hawaweki maua. Anayezuru anaweka jiwe juu ya kaburi. Ukitoka, nawa mikono, kuna bomba getini. Usisahau, dada."

Nikaitikia sawa, sawa. Nilikuwa nabishana bei na mtu, nikasikia nusu.

Getini hapakuwa na mlinzi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya winchi za bandari. Nikapanda ngazi zinazoteleza, majani yaliyooza yananuka, halafu nikasikia harufu nyingine... Harufu ya jora jipya la kitambaa, likifunguliwa sasa hivi. Hiyo siwezi kukosea, ndiyo kazi yangu.

Kaburi lilikuwa la mwisho, ukutani. Herufi za Kiebrania juu, na chini yake, kwa herufi zetu: HAROUN.

Juu ya jiwe la kaburi kulikuwa na safu ya vijiwe. Vimelowa, kama vimeoshwa sasa hivi. Na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Nani anamzuru huyu?

Nikatafuta udongo. Saruji kila upande. Basi nikaokota kijiwe kimoja, nikakifunga kwenye kitenge, nikakitia mkobani. Huyo, nikaanza kushuka.

Bomba la getini likafunguka.

Chwaaa...

Alikuwa mzee wa kofia nyeusi, kavaa suti nzito kwenye joto lile. Ameinama ananawa. Maji yanamwagika juu ya mikono yake, na mikono inabaki mikavu.

"Binti," akanong'ona. Kiswahili! Cha Tanga, cha kizamani. "Rudisha jiwe."

"Jiwe gani?"

"Kila jiwe pale ni mtu aliyekuja. Ukiliondoa, umemwondoa."

"Nani alikuja? Nitajie hata mmoja!"

Akaendelea kunawa. Chwaaa...

"Mimi," akasema. "Hakuna mwingine. Nimekuwa nikijizuru mwenyewe."

Nilitaka kukimbia, Mungu shahidi, lakini hasira ikawahi kufika.

"Mtu unaye! Miaka tisini na moja unaye! Flavia, uliyemwacha hajaota jino! Ametukanwa kwa ajili yako, halafu wewe uko hapa unajionea huruma? Twende nyumbani ukamjibu mwenyewe."

"Naona haya, binti."

"Haya ungeziona Tanga!"

Nikampita. Baridi ikanipiga ubavuni kama mtu amefungua friji. Akanionyesha bomba kwa kidole.

"Nawa mikono. Tafadhali. Usiponawa, nitakufuata."

"Ndiyo maana sinawi."

Nikatoka nje ya geti bila kugeuka.

Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, kila mkoba unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Wangu ukaingia, mkanda ukasimama. Yule dada mkaguzi akaitazama skrini, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nikachungulia. Simu. Pasipoti. Jiwe...

Na vidole vitano vimelishika. Mifupa mitupu.

Akaufungua mkoba kwa ncha za vidole. Kitenge, na fundo langu. Hakuna kingine. "Mei you," akasema, hakuna kitu, akanisukumia mkoba haraka niondoke.

Treni ilijaa, watu wamesimama, lakini kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. Nikaukumbatia mkoba. "Kama unashika, shika vizuri," nikamwambia. "Safari ni ndefu."

Simu ikalia. Mama mdogo Clementina, kutoka Same, anahema.

"Judica! Bibi yako ameketi. Mwenyewe, bila kushikwa! Anagombana na kiti."

"Kiti gani?"

"Kitupu! Anasema kuna mwanamume mwenye kofia. Anasema ni baba yake, amekuja wafuatane."

Ni mimi niliyemwachilia. "Anamjibuje?"

Akaisogeza simu. Nikasikia sauti ya bibi yangu, ile ya zamani, ya kufokea watu sokoni.

"Nimekungoja miaka tisini na moja! Wewe huwezi kungoja siku mbili mjukuu wangu afike? Kaa hapo! Na kofia uvue, uko ndani ya nyumba ya watu!"

Nikafungua mkoba. Fundo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Nikabonyeza kitenge. Nikakikunjua chote.

Jiwe halikuwemo.

Kituo kilichofuata mama mmoja akapanda na mboga zake, akakaa kwenye kile kiti cha pembeni yangu bila wasiwasi.

Ndege yangu ni asubuhi. Mzee Haroun, umesikia ulivyoambiwa. Kaa hapo hapo. Ole wako nifike nikute kitanda cha bibi kitupu.